Maji Yakiondoka, Sahani Huruka

Kikapu kilikuwa kimesimama ndani ya maji hadi kiunoni, kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani. Mlingoti wa chuma, pete ya manjano juu, minyororo imening'inia, na chini yake karai la vyuma ambamo tawi la mwaloni lilikuwa limejilaza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi ile, katika bustani ya T.C. Jester mjini Houston, jimbo la Texas, sikuona uwanja wa mchezo wowote. Niliona ziwa lenye vikapu.

Mpwa wangu alizima gari, akatazama saa. "Mjomba, tunywe chai kwanza. Saa nne maji yatakuwa yamerudi kwao."

Mimi ni mtu wa Lusangi, nchi ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, huko Kongo. Maji tunayajua. Luama ikifura, mwenye kutaka kuvuka huketi chini ya mwembe akangoja, hata siku mbili, wala hamlaumu mtu. Lakini sikutegemea kukuta Marekani watu wanaoyangojea maji kwa utulivu wa namna ile. Magari mengine matatu yalikuwa yameegeshwa karibu nasi. Katika moja, mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa akifuta sahani za plastiki kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, kama mama anayejiandaa kupokea wageni. Nilimimina chai, tukakaa.

Nilikuwa nimekwenda Houston kumwona mtoto wa dada yangu, ambaye njia yake ya kufika huko ilipita katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kama njia ya wengi wa upande wetu. Sikuwa nimekwenda kutafuta mchezo. Nimerudi na mchezo, na nimerudi nikiusifu mji ambao watu wengi, hata wakazi wake, huuombea radhi kwa wageni: joto, mbu, barabara zisizo na mwisho, na ardhi iliyolala kama mkeka.

Mji uliotandikwa juu ya mkeka

Waswahili husema mpanda ngazi hushuka. Houston hakuna ngazi ya kupanda. Katikati ya jiji ni kama mita 15 tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ardhi huteremka kuelekea Ghuba ya Mexico kwa mwinamo mdogo sana, takriban sentimita 20 kwa kila kilomita. Ukiweka gololi barabarani, itafikiri kwanza. Mtu aliyezaliwa katika vilima vya Kabambare, aliyezoea kuujua mji kwa miteremko yake, hupotea hapo siku ya kwanza. Mimi nilipotea mara mbili nikienda dukani, na duka lilikuwa linaonekana.

Mahali pa vilima, vipo vijito. Wenyewe huviita bayou: mito miembamba, ya polepole, yenye rangi ya chai ya maziwa. Kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, ina mifereji na vijito vipatavyo 1,500, na urefu wake wote ukiunganishwa hufika kilomita 4,000 hivi. Mji ulianzishwa mwaka 1836 na ndugu wawili, Augustus na John Allen, penye makutano ya Buffalo Bayou na White Oak Bayou. Tangazo walilotoa gazetini Agosti mwaka huo lilipasifu mahali hapo kuwa pameinuka vizuri, pana afya, na pana maji ya kutosha. Hilo la maji ndilo ambalo hakuna aliyewahi kulibishia.

Chini ya nyasi kuna udongo mfinyanzi mweusi, mzito. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ukilowa huvimba na kuziba, mvua ikabaki juu ikitafuta pa kwenda. Na mvua ya Houston haiji kwa adabu. Mafuriko ya 1929 na 1935 yaliuharibu mji kiasi kwamba mwaka 1937 bunge la Texas liliunda mamlaka maalumu ya kudhibiti mafuriko ya kaunti, na katika miaka ya 1940 yakajengwa mabwawa mawili makubwa magharibi ya mji, Barker na Addicks. Bado maji yalikuja: 2001, dhoruba Allison; 2015 na 2016, mvua za masika yao; na Agosti 2017, kimbunga Harvey. Harvey ilitua pwani ya Texas usiku wa tarehe 25, ikagoma kuondoka. Huko Nederland, mashariki ya Houston, kipimo kilionyesha milimita 1,539, mvua ambayo dhoruba moja haikuwahi kuimwaga popote Marekani kabla ya hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Agosti 2018, wapiga kura wa kaunti waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 wa kuchimba mabwawa, kupanua mifereji na kununua nyumba zilizojengwa pasipostahili.

Nyumba zinunuliwapo zikabomolewa, kinachobaki ni nyasi. Kando ya bayou nyingi kuna ukanda huo wa nyasi na miti ambao hakuna mwenye akili atakayejenga juu yake tena. Mwaka 2012 wakazi walikuwa tayari wamekubali dola milioni 100 za kuunganisha kanda hizo kwa njia za kutembea na za baiskeli. Na ni katika ardhi ya namna hiyo, iliyokatazwa nyumba, ndipo nilipoviona vikapu vingi vya minyororo.

Gofu ya maskini wa kiwanja

Kufikia saa nne kasorobo maji yalikuwa yamepungua hadi vifundoni. Mpwa wangu alivua viatu vya kazini akavaa vya matope, akanikabidhi sahani tatu. "Hii ya kuanzia, hii ya katikati, hii ya kumalizia. Usizichanganye, Mjomba, hizi zina tabia kama watu."

Gofu ya sahani ni gofu isiyo na fimbo wala mpira. Badala ya shimo kuna kikapu; badala ya mpira, sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 21 hivi na uzito wa gramu 150 hadi 180. Unaanzia kwenye kipande cha saruji, unatupa. Sahani ilipotua ndipo utakapotupia tena. Aliye mbali zaidi na kikapu hutangulia. Minyororo ipo ili kuidaka sahani isipite, na sahani ikiigonga hutoa mlio ambao sikuweza kuufananisha na kitu mpaka siku ya pili: ni mlio wa mwanamke mwenye bangili nyingi anayetwanga mpunga. Vikapu huwa 18 katika uwanja kamili. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi, lakini asubuhi ile sikumsikia mtu akiuliza nani ameshinda.

Asili yake ni ya watoto. Pai za matunda za kampuni ya Frisbie ya mji wa Bridgeport, Connecticut, ziliuzwa katika sahani za bati, na vijana wakazirusha sahani baada ya kula. Jina la sahani hizo, frisbee, likatoka hapo. Baadaye ikaja plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kuiuza. Mtu anayeitwa baba wa gofu hii ni Ed Headrick, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Wham-O. Mwaka 1975 aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa. Kikapu cha minyororo ni ubunifu wake. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake, kwa wasia wake, yalichanganywa katika plastiki ya sahani mpya. Nilipoambiwa hivyo nilinyamaza kidogo. Kwetu maiti hurudi ardhini na pana heshima yake. Lakini nilimwelewa mtu aliyetaka kuendelea kurushwa hewani na watu wanaocheka.

Leo duniani kuna viwanja zaidi ya 10,000, na vingi havina kiingilio. Hilo ndilo neno kubwa. Gofu ya mpira hutaka ardhi iliyolishwa mbolea na kunyweshwa kama mgonjwa, hutaka mfuko wa fimbo, hutaka uanachama. Hii hutaka sahani moja ya dola 10 au 15, na viatu usivyovionea huruma.

Na hutaka kidogo mno kwa mwenye ardhi. Nilivyoendelea kutembea ndivyo nilivyoona kwa nini mchezo huu na mji huu vimeoana. Kiwanja cha tenisi kikizama siku tatu, sakafu inapasuka. Jumba la michezo likiingiwa na maji, mbao zinavimba na ukuta unaota ukungu. Kikapu ni chuma kilichopakwa kinga ya kutu, kimesimikwa kwenye saruji. Maji yakija, kinazama. Yakiondoka, unatoa takataka, unatikisa minyororo, unacheza. Miti ndiyo kuta, nyasi ndizo sakafu. Hakuna cha kuibiwa na mto.

Jiwe la Luama

Mtupo wangu wa kwanza ulikwenda kushoto, ukagonga mti, ukarudi nyuma yangu. Wa pili ulifanya vivyo hivyo, kwa mti mwingine. Mpwa wangu alinionyesha namna ya kuuzungusha mwili, mkono ukitoka kifuani kwenda nje, na kunieleza kwamba sahani inayotupwa hivyo na mtu wa mkono wa kulia huinama kushoto inapochoka. "Kila sahani huchoka, Mjomba. Ukijua itachokea upande gani, umekwisha jifunza nusu ya mchezo."

Mwili wangu haukukubali. Katika kikapu cha nne niliiacha njia yake nikashika sahani kama tulivyoshika mawe bapa ukingoni mwa Luama tukiwa watoto: vidole viwili chini ya ukingo, kiwiko karibu na ubavu, mkono ukitoka chini, kisha mchapo mkali wa kifundo cha mkono. Tulishindana jiwe la nani litaruka juu ya maji mara nyingi zaidi kabla ya kuzama. Sahani ilitoka mkononi ikalia, ikaenda mbele sawasawa, chini chini, ikapita kati ya miti miwili na kutua hatua kumi kutoka kikapu. Mzee mwenye ndevu nyeupe, aliyekuwa nyuma yetu akingoja zamu, alipiga makofi mara moja tu, kwa nguvu. Kumbe mtupo huo upo, una jina lake, na wapo mabingwa wanaoutegemea. Mimi niliufikisha Texas kutoka Kabambare bila kuulipia mzigo.

Watu hudhani uwanja tambarare ni rahisi. Kwenye vilima, mlima wenyewe ni mwamuzi: unatupa juu, unatupa chini, ardhi inakupangia. Kwenye tambarare mwamuzi ni upepo. Ghuba ya Mexico iko mwendo wa saa moja kwa gari, na kati ya Ghuba na kifua chako hakuna kilima cha kuuzuia upepo. Ukiwa mbele yako, sahani nyepesi hupinduka kama samaki aliyekosa pumzi; ukiwa nyuma, huisukuma chini kabla ya wakati. Wachezaji wa hapo huokota majani makavu, huyaachia, huyatazama yanavyokwenda. Wavuvi wetu wa Lualaba hufanya vivyo hivyo kabla ya kutupa wavu.

Na mwamuzi wa pili ni bayou. Sahani ikiangukia majini, unahesabiwa mtupo wa adhabu, na unaipoteza sahani yenyewe. Ndiyo maana karibu kila sahani niliyoiona ilikuwa imeandikwa mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika: jina na namba ya simu. Desturi ni kwamba ukiokota sahani ya mwenzako unampigia. Wengine hutembea na chuma chenye kamba cha kuvulia sahani kutoka matopeni, na wakitoka na tano ambazo si zao, jioni hukaa barazani wakipiga simu tano. Mpwa wangu alinipa kalamu. Niliandika namba yake kwenye ile sahani ya kuanzia, maana yangu ya Kongo ingemtia mtu gharama, na juu yake nikaandika neno moja: KASONGO.

Nilicheza nayo vikapu vitatu. Katika kilichofuata upepo uliichukua.

Kwao ni wapi

Tulipumzika penye kivuli cha mwaloni. Maji yalikuwa yameondoka, yakiacha mstari wa majani na vijiti juu ya nyasi, kama mstari ambao mwalimu huuchora chini ya hesabu iliyokwisha. Mzee alikuja kukaa nasi. Alieleza, mpwa wangu akifasiri, kwamba wakati wa Harvey hakuja uwanjani kwa majuma mengi, kwa kuwa alikuwa akitoa mazulia na kuta zilizolowa nyumbani kwake. Aliporudi alikuta vikapu vimejaa nyasi, vitambaa, na katika kimoja kiatu cha mtoto. Yeye na wenzake walivisafisha siku nzima. "Siku ile," alisema, "nilihitaji kitu kimoja ambacho maji hayakukiweza."

Alituonya tusikanyage karibu na kichuguu kilichokuwa kando yetu. Sisimizi wekundu wa humo waliletwa bila kutakiwa kutoka Amerika ya Kusini, na mafuriko hayawatishi: maji yakipanda hushikana miguu, maelfu kwa maelfu, malkia na watoto katikati, wakawa mkeka unaoelea mpaka wafike pakavu. Nilifikiria siafu wetu wanavyofunga daraja kwa miili yao. Kila nchi ya maji huwafundisha wadogo kushikana.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mpwa wangu alikuwa amesema kinyume asubuhi. Maji hayakuwa yamerudi kwao. Yalikuwa yametoka kwao. Nyasi zile tulizokalia, miti ile, kipande kile cha saruji cha kuanzia, vyote ni nyumba ya bayou. Sisi tulikuwa tumeingia mwenyewe akiwa safarini. Mji uliotumia karne nzima kuyafukuza maji kwa saruji unajifunza, polepole na kwa gharama kubwa, kuyaachia chumba. Mfano mzuri ni Exploration Green, upande wa Clear Lake, kusini-mashariki. Palikuwa na uwanja wa gofu ya mpira, ukafungwa mwaka 2005. Hekta zaidi ya 70 zikachukuliwa zichimbwe mabwawa ya kupokea mvua, yaliyozungukwa na miti ya asili na njia za kutembea. Harvey ilipofika, bwawa la kwanza lilikuwa halijamalizika kuchimbwa, lakini lilipokea maji na nyumba zipatazo 150 zilizokuwa zikizama kila mara zilibaki kavu. Ardhi iliyokuwa ya matajiri wachache sasa ni ya maji kwanza, kisha ya bata na yangeyange, kisha ya yeyote mwenye miguu.

Wazee wetu hawakuhitaji mabilioni ya dola kulijua hilo. Wavuvi wa Lualaba hujenga vibanda vya nyasi kwenye mchanga wakati wa kiangazi, na mto ukianza kupanda hubeba nyavu zao na kuondoka bila matanga. Mpunga, ambao wazee husimulia kuwa ulikuja Kasongo na Nyangwe pamoja na Waungwana wa misafara, hupandwa pale ambapo muhogo ungeoza. Kila kitu na mahali pake, na mahali pa maji huwekwa kitu chepesi. Ubaya huja pale mtu anapojenga kizito penye wepesi, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha bei nafuu na mwuzaji hakusema. Nimeona hilo Houston. Nimeliona Kindu pia, Lualaba ilipoingia vitongojini.

Kwa msafiri

Atakayefika Houston na asubuhi moja mkononi, aende T.C. Jester, kandokando ya White Oak Bayou. Ni karibu na mji na miti yake ni ya kivuli kizuri. Mwenye gari na siku nzima aende kusini hadi bustani ya Tom Bass, karibu na kijito cha Clear Creek, penye uwazi zaidi na upepo zaidi, mahali pa kujifunza unyenyekevu. Bustani ya MacGregor iko kando ya Brays Bayou, karibu na chuo kikuu cha Houston. Hakuna mahali hapo utakapoombwa tiketi.

Wakati mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na hewa huwa nzito kama Kindu kabla ya mvua. Ukicheza, uanze alfajiri. Beba maji ya kunywa, dawa ya mbu, soksi za kubadilisha. Ukiona nyoka ukingoni mwa bayou, mwache apite, naye yuko kwake. Mvua ikiwa imenyesha usiku, usikate tamaa wala usikimbilie. Nenda na chupa ya chai.

Ukimaliza, nenda upande wa kusini-magharibi wa mji, ambako Wakongomani wengi wanakaa. Kuna maduka ambamo utapata majani ya sombe yaliyogandishwa, unga wa muhogo, mawese na samaki wakavu, na muuzaji atakusalimia kwa Kiswahili chetu, kile kile cha "aksanti" na "jambo sana". Nilishinda Jumapili moja huko. Watoto wa mpwa wangu, wanaoniita Babu, huzungumza Kiingereza wao kwa wao na Kiswahili wanapoomba chakula. Wa kwanza wao, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeuleta mchezo nyumbani kutoka shuleni. Baba yake, aliyefanya kazi za usiku ghalani miaka mingi bila kumjua jirani, alimsindikiza bustanini kwa kuogopa mbwa. Akarudi juma lililofuata. Sasa anawajua watu kumi na wawili kwa majina, na wao wanajua kwamba Maniema si Kinshasa. Aliniambia hivi: "Mjomba, kwenye mpira wa miguu nilikuwa natafuta watu wa kwetu. Hapa nilikuta watu wa hapa." Alinipikia fufu usiku ule kwa mikono yake, mkewe akiwa kazini, na ilikuwa na madonge. Niliimaliza yote.

Simu

Nilirudi nyumbani na sahani mbili, ile ya katikati na ile ya kumalizia. Vijana wa mtaani kwangu Kasongo wamekwisha funga ndoo iliyotoboka juu ya nguzo, na mnyororo wa baiskeli iliyokufa umegawanywa vipande sita kuizunguka. Mlio wake si ule wa bangili. Ni wa baiskeli. Tunacheza pale bondeni, mahali ambapo hakuna aliyejenga, na mnajua kwa nini.

Mwezi mmoja na nusu baadaye ulikuja ujumbe wa sauti kutoka Houston, mpwa wangu akicheka hata maneno hayatoki vizuri. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tena. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake mbali huko, bayou inakoshukia, alikuta sahani ya kijani imenasa kwenye mizizi. Wino ulikuwa umefifia lakini namba ilisomeka. Akapiga, akamwambia yuko tayari kuileta mwenyewe, ila aelekezwe kwanza: alikuwa ameishi Houston maisha yake yote na hakuwahi kusikia mtaa unaoitwa Kasongo.

"Ukamjibu nini?" niliuliza.

"Nilimwambia ni mtaa wa huko juu, Mjomba. Maji huchelewa kufika."